Miguu yangu mbele ya majaji

Swali la nne kwenye fomu lilikuwa hili: Je, umewahi kupokea malipo kwa kupiga kinubi? Kulikuwa na visanduku viwili tu, ndiyo na hapana, na mimi ni mhasibu, siwezi kutia alama kwenye kisanduku bila kwanza kukosa usingizi. Nilikumbuka harusi moja. Bibi harusi alikuwa mfanyakazi mwenzangu. Nilipiga vipande vinne wakati wageni wanaingia, kimoja nikakirudia mara mbili kwa sababu walikuwa hawaishi kuingia, na mwishoni mama yake akanisukumia bahasha mkononi kwa ile nguvu ya mtu ambaye hataki kusikia "hapana mama, usijali". Sasa hayo ni malipo au ni shukrani? Ofisini ningejua niiandike wapi.

Nikawaandikia waandaaji. Walijibu siku ileile: kwao mpigaji wa ridhaa ni yule ambaye muziki si kazi inayomlisha, na ambaye hana shahada ya muziki. Bahasha ya harusi haimfukuzi mtu. Basi nikatia alama kwenye "ndiyo", nikaandika maelezo pembeni kwa herufi ndogondogo kama mtu anayeungama, nikatuma. Ndivyo nilivyojiingiza, na miaka yangu 44, kwenye shindano la kupiga kinubi peke yako jukwaani mbele ya majaji watatu.

Nilianza kujifunza nikiwa na miaka 36, umri ambao watu wanakuuliza kwa upole, "Na hiki cha nini tena?" Sikuwa na jibu la maana, na mpaka leo sina. Niliwahi kukaa karibu na mtu anayepiga kinubi, karibu kiasi cha kusikia ngozi ya vidole ikiachia uzi kabla ya sauti yenyewe, na habari ikaishia hapo. Nikakodi kinubi kidogo cha nyuzi 34, kile chenye kikono juu ya kila uzi cha kupandisha sauti nusu toni. Miaka minne baadaye nikanunua kikubwa cha nyuzi 47, kilichotumika, kinachonizidi umri. Sebuleni ilibidi tuchague kati yake na kochi. Kochi likaondoka.

Ukikaa nyuma yake mara ya kwanza unaona msitu tu. Bahati nzuri nyuzi za noti ya C ni nyekundu na za noti ya F ni nyeusi, kwa hiyo macho yana pa kushika. Vidole vinavyofanya kazi ni vinane, si kumi, maana kidole kidogo hakitumiki, ni kifupi mno. Kila kidole kikishapiga uzi kinarudi ndani ya kiganja kama mtu anayeingia ndani na kufunga mlango. Mwalimu wangu ana wimbo mmoja tu: "Funga! Funga!" Mambo ya kodi ndiyo yaliyonichekesha zaidi mwanzoni. Mchana nakokotoa kodi za serikali, jioni napiga kodi za muziki, yaani noti kadhaa kwa pamoja, na za jioni ndizo zinazonishinda.

Lakini anayekitazama kinubi hutazama mikono, na mimi pia kwa muda mrefu nilikuwa mtazamaji wa namna hiyo, hata nikiwa nimekaa nyuma yake. Kazi ya pili iko chini. Kuna pedali saba: mguu wa kushoto unashika D, C na B, wa kulia unashika E, F, G na A. Kila pedali ina vituo vitatu. Ikiwa juu, noti ni flati, yaani imeshuka nusu toni. Katikati ni noti ya kawaida. Chini ni shapu, imepanda nusu toni. Ukikanyaga pedali ya A, A zote kuanzia juu mpaka chini zinabadilika kwa pamoja, kwa sababu kuna vyuma vinapita ndani ya nguzo hadi kwenye shingo, na kule juu visahani vidogo vyenye pini mbilimbili vinajizungusha na kuubana uzi ili uwe mfupi kidogo. Mfaransa Sébastien Érard alipata hataza ya mfumo huo wa vituo vitatu mwaka 1810, na kimsingi ndio huohuo unaotutoa jasho leo. Mguu ukisahau, mikono haiwezi kukuokoa. Utapiga uzi uleule uliokusudia, itoke noti ya watu wengine.

Masharti ya shindano yalidai vipande viwili vinavyotofautiana, visizidi dakika kumi, na angalau kimoja kiwe kimetungwa kwa ajili ya kinubi. Kwa kiburi nilichokuwa nacho wiki ile nilimwendea mwalimu na Impromptu, kipande cha mtunzi Mfaransa Gabriel Fauré. Aliutazama ukurasa wa kwanza, akanitazama mimi.

"Hiki kilitungwa mwaka 1904 kwa ajili ya mashindano ya wanafunzi wa Konsevatoa ya Paris, shule ya muziki," akasema. "Kazi yake ilikuwa kuwachuja. Wewe unafanya mazoezi dakika ngapi kwa siku?"

"Arobaini. Zikipatikana."

Akakifunga kitabu taratibu, bila kejeli, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko kejeli.

Tukaelewana kwenye La Source ya Alphonse Hasselmans, aliyefundisha kinubi kwenye shule hiyohiyo kuanzia mwaka 1884 hadi kifo chake 1912. Ni maji matupu. Mikono inapokezana noti juu na chini bila kukatika, na wimbo unaelea juu yake. Cha pili kilikuwa wimbo wa Turlough O'Carolan, Muayalandi kipofu aliyezunguka na kinubi chake nyumba kwa nyumba na kufariki mwaka 1738. Nyimbo zake nyingi zimetufikia zikiwa mstari mmoja tu wa sauti, kwa hiyo mkono wa kushoto ilibidi niutungie mwenyewe. Niliufurahia mkono ule wa kushoto kuliko kitu chochote nilichofanya mwaka mzima. Majaji walionyesha baadaye kwamba furaha hiyo ilikuwa yangu peke yangu.

Nilipoanza kulalamika kuhusu umri, mwalimu alinisimulia habari za mji wa Belfast. Julai 1792 walikusanyika pale wapiga vinubi, kumi wa Ayalandi na mmoja wa Wales, wengi wao vipofu, kushindania zawadi ya fedha. Kijana mmoja wa miaka 19, Edward Bunting, alipewa kazi ya kuandika nyimbo zao kabla hazijapotea. Miongoni mwao alikuwepo Denis Hempson, mzee aliyepita miaka tisini, bado anapiga nyuzi za waya kwa kucha ndefu jinsi walivyofanya wahenga, wakati wenzake walishaacha. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa Charles Fanning. Bunting baadaye aliandika kwamba Fanning hakuwa bora kuliko wote, ila alipamba wimbo uliopendwa kwa mapambo ya kisasa. Hapo ndipo nilipostarehe. Kumbe manung'uniko juu ya majaji yana zaidi ya miaka 200.

Raundi ya kwanza ilikuwa ya video. Masharti: upigaji mmoja bila kukata, na kamera ione mikono na miguu. Mwanangu wa miaka 14 ndiye aliyeshika simu. Kabla hajabonyeza akashusha simu.

"Mama, unawapelekea majaji miguu peku?"

"Ndivyo ninavyopiga siku zote."

"Basi angalau ukate kucha."

Nikakata. Tulirekodi mara 23 kwa siku tatu. Ya 11 ilikuwa safi mpaka yeye mwenyewe akapiga chafya kwenye mstari wa mwisho, na hajakubali hadi leo kwamba ilisikika. Ya 16 nilipotea katikati. Ya 19 ilikuwa nzuri, yenye doa moja tu karibu na mwisho, nikasema ngoja tupate nyingine isiyo na doa. Kwenye ya 23, uzi mmoja wa kati ulikatika.

Kwa ambaye hajawahi kuwa karibu: nyuzi za katikati zimetengenezwa kwa utumbo wa mnyama, nazo huvuta unyevu na kukauka kadiri hewa inavyobadilika. Ukikatika hautoi mlio wa uzi, unalia kama ubao unaovunjwa gotini. Mwanangu aliinama chini ya meza. Mimi nikakaa na kipande cha uzi kinaning'inia mbele ya uso wangu. Unachukua uzi mpya, unafunga fundo nene upande mmoja, unauingiza kupitia tundu la nyuma hadi utokeze kwenye ubao wa sauti, unavuta mpaka fundo likwame, unaupandisha hadi juu na kuuzungusha kwenye pini yake kwa ufunguo. Hayo ni dakika kumi. Shida ni kwamba uzi mpya haukai. Unautyuni, unaanza kupiga, kabla hujafika ukurasa wa pili umeshashuka. Unahitaji siku kadhaa kuzoea kuvutwa, na mwisho wa kutuma ilikuwa usiku ule. Nikatuma ya 19 na doa lake.

Wakanichukua. Tulikuwa tisa kwenye kundi letu la raundi ya jukwaani.

Hapa nikafanya uamuzi ambao wakati ule haukuonekana kama uamuzi. Jukwaani huendi pekupeku, nilijiambia. Nikachukua viatu vyangu vya kazini, vyeusi, vyenye kisigino cha vidole vitatu hivi, ninavyovaa kwenye mikutano ya wakaguzi. Gauni refu jeusi, viatu vyeusi. Kwenye kioo nilionekana kama mtu anayejua anachofanya.

Kinubi cha jukwaani kilikuwa cha waandaaji, sote tisa tupige hichohicho, na kila mmoja alipewa dakika kumi na tano za kuzoeana nacho asubuhi. Nyuzi zake zilikuwa mpya na kali. Sauti ilitoka mapema kuliko nilivyotarajia, kama mtu anayekujibu kabla hujamaliza swali. Besi zake, zile za waya, ziliendelea kuvuma muda mrefu baada ya mkono kuondoka. Dakika zangu zote kumi na tano nikazitumia kwenye besi hizo, nikijifunza kuzizima kwa kiganja. Pedali nilizikanyaga mara moja moja, zikaingia, nikaondoka. Nilikuwa nimevaa raba.

Chumba cha kungojea kilikuwa na kimya cha zahanati. Daktari wa meno mmoja alikuwa amevaa glavu za sufu na kusugua vidole. Mama mmoja alikuwa na kipande cha ubao chenye nyuzi kumi tu, anafanyia zoezi la kufunga vidole, tk, tk, tk. Na mzee wa miaka 71, mwalimu mstaafu wa hisabati, alikuwa anasoma gazeti. Nilimwamkia, akaniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia. "Ah," akasema, "basi wewe hesabu zako zina mwenyewe. Zangu zilikuwa za kufikirika tu." Akarudi kwenye gazeti lake. Nilimwonea wivu ile namna ya kugeuza kurasa.

Nilikuwa wa sita. Kosa linalojulikana na kila mpiga kinubi ni kuanza na pedali zilizoachwa na mtu aliyetangulia, kwa hiyo nilipokaa nilizipitia zote moja moja kwa kunong'ona, D, C, B, kisha E, F, G, A, na nikaziweka zinapotakiwa. Nikakilaza kinubi begani. Nikaanza na O'Carolan, kipande chenye pedali chache, na kikaenda. Si ajabu, lakini kikaenda. Mkono wangu wa kushoto nilioutunga mwenyewe ulisikika hadi nyuma ya ukumbi.

La Source ikaanza vizuri. Maji yalitiririka. Ukurasa wa pili nikaanza hata kusikiliza, jambo ambalo kwa kawaida sina nafasi nalo. Kisha ukurasa wa tatu kuna mahali ambapo mguu wa kulia una kazi mbili kwa kufuatana haraka. Nyumbani kazi hizo zinafanywa na nyayo tupu, kisigino kimekaa sakafuni, na dole gumba linahisi pedali ikiingia kwenye kituo chake, lile tuki dogo. Kwenye kiatu kisigino kilikuwa juu zaidi, pembe ya mguu ilikuwa nyingine, na soli ilikuwa nene. Nilikanyaga, nikadhani imeingia, nikaondoa mguu. Haikuwa imeingia. Ilikuwa imekaa ukingoni, katikati ya vituo viwili.

Pedali ikiwa hivyo, pini kule juu zinaugusa uzi bila kuubana. Uzi haulii A, wala A flati. Unavuma kama nzi aliyefungiwa kwenye kopo. Na kwa kuwa pedali moja inashika A zote, kila nilipopita kwenye A, na kwenye kipande cha maji unapita kila mahali, yule nzi alikuwepo. Juu, katikati, chini. Zzz. Mstari mzima. Nilijua ni mguu wa kulia, lakini ni ipi kati ya zile nne? Mikono haiwezi kusimama ikusubiri. Nikasukuma F kwanza, nikaharibu na F. Nikairudisha. Kisha nikakanyaga A kwa nguvu, ikaingia kwa kishindo ambacho nina hakika kilisikika mpaka chumba cha kungojea. Nzi akanyamaza. Nikamaliza sehemu iliyobaki nikiwa na jasho nyuma ya magoti, mahali ambapo sikujua kwamba watu hutoka jasho.

Watu walipiga makofi ya heshima. Niliinama, nikashika nguzo ya kinubi kwa muda mrefu kidogo kuliko inavyopendeza, nikatoka.

Mzee wa hisabati alipiga baada yangu na akawa wa pili. Aliyeshinda ni yule mama wa ubao wenye nyuzi kumi. Tk, tk, tk. Mimi sikupata kitu, na hata mwanangu, ambaye hunitetea kwenye kila jambo, hakusema nimeonewa.

Karatasi za majaji zilifika kwa barua pepe baada ya wiki. Wa kwanza aliandika kwamba La Source niliipiga polepole mno, maji yamesimama. Wa pili aliandika kwamba amependa mwendo wangu usio na haraka. Nilizichapisha zote mbili nikazibandika pamoja kwenye friji, zizungumze zenyewe. Wote wawili waliona kwamba mkono wa kushoto kwenye O'Carolan una mambo mengi kuliko wimbo unavyoweza kubeba, na nikisikiliza rekodi yangu, huku nimenuna, naona wana haki. Kuhusu pedali walisema neno mojamoja, kwa huruma.

Wa tatu hakuandika lolote kuhusu mwendo wala mkono. Aliandika mistari miwili: "Kwenye video yako miguu ilikuwa peku na pedali zote zilikuwa kimya kabisa, jambo adimu. Kwa nini ulibadilisha?"

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Miezi yote nilikuwa nahesabu vidole, nafunga vidole, naota vidole, na kumbe kitu pekee adimu nilichokuwa nacho kilikuwa chini, na ndicho nilichokivalisha viatu vya wakaguzi. Nilimpigia mwalimu nikamsomea. Kimya kwa muda. Kisha akasema, "Dada yangu, mimi nilidhani umeshavijaribu." Naye hakuwahi kuniuliza, mimi sikuwahi kumwambia, na wote wawili tulikuwa tunatazama mikono.

Sasa nina viatu vyepesi vya ngozi, vya wacheza dansi, soli nyembamba kama bahasha, na nafanyia mazoezi humo kila siku, hata yale mazoezi ya asubuhi ya kupanda na kushuka noti kwa mfuatano. Wiki ya kwanza pedali zilipiga kelele kana kwamba nimehamisha makabati. Nimerudi kwenye zoezi ambalo mwalimu alinipa mwaka wa kwanza nikaliona la kitoto: mikono mapajani, kitabu cha muziki kimefunguliwa, unapiga kipande chote kwa miguu tu, bila sauti yoyote. Mwanangu alinikuta hivyo jana usiku, nimekaa nyuma ya kinubi mikono imetulia, miguu inakimbia.

"Mama, uko sawa?"

Nikamwambia asinikatize, niko ukurasa wa tatu.